Kocha wa Zamani Akirudi na Mahasimu: Umzomee au Umpigie Makofi?

Machi 13, 2017, Jumatatu, saa tano kasorobo usiku kwa saa zetu. Robo fainali ya Kombe la FA, Chelsea na Manchester United pale Stamford Bridge. Mimi nilikuwa kibanda umiza, nimevaa jezi yangu ya bluu iliyopauka, tumebanana kwenye mabenchi ya mbao mpaka mwingine kakalia ndoo. Kwenye benchi la wageni kasimama José Mourinho, kocha wetu wa zamani, safari hii akiwa na Manchester United.

Mashabiki wa kule London wakaanza kumwita Yuda. Na sisi wa bluu kibandani, tuliokuwa mbali na London kilomita maelfu, tukadakia: Yuda! Yuda! Mourinho akawageukia mashabiki, akanyanyua vidole vitatu. Mataji matatu ya ligi aliyowapa. Baada ya mechi akawaambia waandishi kwamba siku watakapopata kocha wa kuwapa mataji manne, huyo ndiye atakuwa nambari moja. Kwa sasa nambari moja ni Yuda. Alisema hivyo akiwa ametoka kufungwa 1-0, bao la Kanté.

Sasa, pembeni yangu alikaa mzee mmoja shabiki wa Arsenal, mtu wa maneno machache. Akaniangalia ninavyopiga kelele, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo jezi ulianza kuivaa lini?"

"2005, mzee."

"Enhe. Na kocha alikuwa nani?"

Nikakosa jibu. Au tuseme jibu nilikuwa nalo, ila mdomo ulikataa kulitoa. Swali lile nimetembea nalo miaka yote hii, na leo naomba tulijadili wote, kwa sababu kila msimu kuna kocha anarudi nyumbani kwake pa zamani akiwa amevaa rangi za jirani, na kila msimu tunagombana: tumfanye nini huyu mtu?

NANI ALIMUACHA NANI?

Kabla ya kumwita mtu msaliti, tuulizane kwanza aliondokaje. Hapa ndipo wengi tunachemka.

Mourinho alifika Chelsea kiangazi cha 2004, ametoka kuchukua Ligi ya Mabingwa akiwa na Porto. Chelsea walikuwa hawajachukua ligi tangu 1955. Msimu wake wa kwanza tu akawapa, kwa pointi 95 na mabao 15 tu ya kufungwa kwenye mechi 38. Msimu uliofuata akachukua tena. Septemba 2007 akaondoka baada ya kutoelewana na wakubwa. Akarudi 2013, akachukua ligi ya 2014/15. Desemba 2015, miezi michache tu baada ya taji hilo, akafungashiwa virago timu ikiwa nafasi ya 16, pointi moja juu ya mstari wa kushuka daraja.

Kwa hiyo mtu kafukuzwa. Kakaa nyumbani miezi mitano. Mei 2016 Manchester United wakamuajiri, akaenda kazini. Usaliti uko wapi? Ni sawa na bwana aliyempa mkewe talaka mwenyewe, mbele ya mashahidi, eda ikaisha, mama wa watu akaolewa mtaa wa pili. Halafu bwana anakaa barazani anamtukana kila akipita: eti kwa nini umeolewa jirani? Ulitaka aolewe wapi, baharini?

Yuda wa kwenye Biblia aliuza. Huyu wetu hakuuza mtu, tuliomtoa ni sisi. Na ukifuatilia historia ya makocha wengi waliovuka kwenda kwa mahasimu, utakuta kisa ni hichohicho: klabu ilimfungulia mlango wa kutokea, halafu mashabiki wakamlaumu kwa mlango alioingilia.

CLOUGH NA BARABARA YA KILOMITA 25

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu mambo haya hayakuanza na Mourinho.

Derby na Nottingham ni miji miwili ya katikati ya Uingereza, umbali wake kama kilomita 25 hivi. Mahasimu wa damu. Mwaka 1967 Derby County walikuwa daraja la pili, timu ya kawaida tu, wakawachukua vijana wawili: Brian Clough kama kocha na Peter Taylor kama msaidizi wake. Clough alikuwa mdomo, Taylor alikuwa jicho: yeye ndiye aliyejua kumuona mchezaji ambaye wengine hawajamuona. Mwaka 1969 wakapanda daraja. Mwaka 1972 Derby wakawa mabingwa wa Uingereza kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Oktoba 1973 Clough na Taylor wakagombana na mwenyekiti, wakaandika barua za kujiuzulu, na zikapokelewa. Mji ukachafuka. Mashabiki waliandamana, wachezaji nao wakapinga, wote wanataka kocha wao arudishwe. Hakurudishwa.

Clough akapita Brighton, akaenda Leeds akadumu siku 44 tu, na Januari 1975 akatua wapi? Nottingham Forest. Kwa watani! Na Forest nao walikuwa daraja la pili, kama Derby alivyowakuta. Mwaka uliofuata Taylor akamfuata. Mwaka 1977 wakapanda. Mwaka 1978 wakachukua ligi. Mwaka 1979 wakachukua Kombe la Ulaya kwa kuwafunga Malmö 1-0, na 1980 wakalitetea kwa kuwafunga Hamburg 1-0. Derby, waliomlilia mtu huyu barabarani, wakawa wanatazama makombe makubwa zaidi yakipita kwa jirani. Mwaka huohuo wa 1980 Derby wakashuka daraja.

Hebu jiweke kwenye nafasi yao. Maumivu yale hayana dawa ya dukani.

Lakini leo nenda Derby. Nje ya uwanja wao wa Pride Park kuna sanamu ya Clough na Taylor pamoja, ilizinduliwa 2010. Nenda Nottingham, katikati ya mji kuna sanamu ya Clough, ilizinduliwa 2008. Barabara ya A52 inayounganisha miji hiyo miwili inaitwa Brian Clough Way tangu 2005, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Na tangu 2007 Derby na Forest wakikutana wanagombea kikombe chenye jina lake. Mashabiki bado wanachukiana vilevile, hawajaacha. Ila kwa mtu yule, wote wanasema wetu.

NA WAKATI MWINGINE KINYONGO KINASHINDA

Ila msifikiri hadithi ya Clough ni tamu mwanzo mpaka mwisho. Sehemu hii ndiyo inayoniumiza mimi, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya.

Mwaka 1982 Taylor alistaafu kazi Forest. Miezi michache baadaye akabadili mawazo, akarudi kazini, na aliporudi akawa kocha wa Derby. Yaani safari hii yeye ndiye aliyevuka. Januari 1983 droo ya Kombe la FA ikawakutanisha, rafiki na rafiki, na Derby ya Taylor ikaifunga Forest ya Clough 2-0. Hilo pengine lingesahaulika. Lakini miezi michache baadaye Taylor akamsajili John Robertson kutoka Forest, winga aliyepiga krosi ya bao la fainali ya 1979 na kufunga bao la fainali ya 1980, bila kumwambia Clough.

Clough akakasirika. Hawakuongea tena. Watu waliofahamiana tangu wakiwa wachezaji Middlesbrough miaka ya 1950, waliopandisha timu mbili daraja na kuzipa zote ubingwa, wakaishi miaka saba bila hata salamu, miji yao inatenganishwa na barabara moja. Oktoba 1990 Taylor akafariki. Hawakuwa wamepatana.

Unaona? Clough mwenyewe, mtu aliyetoka Derby akaenda Forest bila kumuomba mtu radhi, alishindwa kumsamehe rafiki yake kwa safari ileile upande wa pili. Baadaye akaja kujuta hadharani. Lakini majuto ni mjukuu, na mjukuu yule alizaliwa mazishi yameshapita. Siku hizi wanasimama pamoja nje ya Pride Park, lakini ni shaba.

GRAHAM: ALIYEKOSA NYUMBA PANDE ZOTE

Wapo ambao hawakupata sanamu ya pamoja. George Graham alikuwa mchezaji wa Arsenal waliochukua mataji mawili 1971, kisha kocha wao kuanzia 1986. Ni yeye aliyekuwa benchi usiku wa Mei 26, 1989, pale Anfield, Arsenal walipohitaji ushindi wa mabao mawili dhidi ya Liverpool kuchukua ligi, na Michael Thomas akafunga la pili dakika za majeruhi. Akaongeza ligi ya 1991, Kombe la FA na Kombe la Ligi 1993, na Kombe la Washindi 1994.

Februari 1995 akafukuzwa kwa kashfa ya kupokea pesa za wakala kwenye usajili, na chama cha soka kikamfungia mwaka mzima. Akarudi kwa kupitia Leeds, halafu Oktoba 1998 Tottenham wakamchukua. Tottenham, wapinzani wa Arsenal wa kaskazini ya London!

Machi 1999 akawapa Kombe la Ligi kwa kuwafunga Leicester 1-0. Unadhani walimpenda? Wengi hata jina lake hawakutaka kulitamka, wakaimba kuhusu koti lake la mvua badala ya kumtaja yeye. Kombe wamepokea, jina la aliyelileta hawalitaki. Machi 2001 wakamfukuza. Huyo ndiye mtu aliyekaa kwa jirani lakini hakupewa hata kigoda.

Nakubali kisa cha Graham kina doa la ile kashfa, na doa lile ni lake. Lakini ukitaka kumhukumu, mhukumu kwa hilo. Kumhukumu kwa kupanda basi la kwenda upande wa pili wa kaskazini ya London ni jambo jingine.

BENÍTEZ: MTU MMOJA, MAPOKEZI MATATU

Kama kuna mtu aliyeonja kila aina ya mapokezi ni Rafael Benítez. Huyu ndiye aliyekuwa kocha wa Liverpool Istanbul, Mei 25, 2005, walipotoka 3-0 nyuma dhidi ya AC Milan wakasawazisha na kushinda kwa penalti. Alipoondoka 2010 alitoa pauni 96,000 kwa familia za waliofariki kwenye maafa ya Hillsborough. Wakati huo idadi iliyotambuliwa ilikuwa watu 96. Familia yake ikabaki kuishi palepale jirani na Liverpool.

Mapokezi ya kwanza: Novemba 2012 akaenda Chelsea kama kocha wa muda, akichukua nafasi ya Roberto Di Matteo, aliyetoka kuwapa Ligi ya Mabingwa miezi sita nyuma. Chelsea tulimzomea tangu mechi ya kwanza nyumbani, dhidi ya Manchester City. Dakika ya 16 watu wakampigia makofi Di Matteo, kwa namba ya jezi aliyokuwa akivaa. Benítez akamaliza msimu kwa kutupa Ligi ya Europa pale Amsterdam, tukachukua kombe, na asante tukabana. Fadhila ya punda, wazee walishasema.

Mapokezi ya pili: Aprili 21, 2013, akarudi Anfield na Chelsea hiyohiyo. Ni ile mechi Luis Suárez alimng'ata Ivanović mkono, kisha akasawazisha dakika ya mwisho kabisa, 2-2. Watu wanakumbuka meno tu. Mimi nakumbuka kwamba Anfield ilimuimba Benítez, kocha wa timu pinzani, kwa jina lake. Na hawakulegeza kamba hata kidogo: walimuimba yeye, halafu wakaipigia kelele timu yake mpaka dakika ya 97.

Mapokezi ya tatu ndiyo mabaya. Kiangazi cha 2021 akatajwa kwenda Everton, mahasimu wa Liverpool wa mji mmoja. Bango likatundikwa karibu na mtaa anaoishi, likisema wanajua anapoishi na asisaini. Polisi wakaingia kazini. Akasaini, mambo yakaenda kombo, derby ya Desemba 2021 akafungwa 4-1 nyumbani, Januari 2022 akafukuzwa.

Utani wa jadi ni utani. Kumtishia mtu kwenye nyumba anayolala na watoto si ushabiki tena, na sisi tunaopenda mpira tuliseme hilo bila kumung'unya maneno.

HATA KWETU

Usidhani ni mambo ya Wazungu. Joseph Omog aliwapa Azam ubingwa wao wa kwanza wa ligi msimu wa 2013/14, baadaye akakaa benchi la Simba. Hans van der Pluijm aliwapa Yanga mataji ya ligi, kisha akakaa mabenchi ya Singida United na Azam. George Lwandamina alichukua ligi na Yanga 2016/17, kisha akaja kuwa kocha wa Azam. Kila mmoja alikutana tena na watu waliowahi kumbeba, na unajua mwenyewe majukwaa yetu yanavyoweza kugeuka ndani ya dakika tisini.

SASA TUFANYEJE?

Mimi msimamo wangu ni huu. Kabla ya filimbi, mpigie makofi. Dakika moja tu inatosha. Hayo makofi si ya timu aliyokuja nayo, ni risiti ya deni letu la zamani. Filimbi ikilia, mpinzani ni mpinzani: zomea mbinu zake, mcheke akifungwa, muimbie kwamba alikuwa bora kwetu. Yeye mwenyewe atashangaa ukikaa kimya. Mechi ikiisha, basi imeisha.

Kama alidanganya, kama aliondoka akiwa na mkataba huku anaapa anabaki, au kama alitukana klabu mlangoni, sawa, kaa bila kupiga makofi. Haki yako. Lakini mtu uliyemfukuza mwenyewe? Hapana.

Najua kuna watakaosema mpira bila chuki hauna ladha. Wana hoja, mimi mwenyewe sitaki derby ya kunywa chai. Lakini angalia tunachochukia. Ukimwita Yuda kocha aliyekupa ligi, unazitukana na zile siku ulizokesha, ule usiku uliomkumbatia mtu usiyemjua kibandani, ile jezi uliyodunduliza pesa ukainunua. Huwezi kumtoa yeye kwenye picha ukabaki na kumbukumbu nzima. Ukikata kichwa chake na wewe unakatika bega.

Tena mwisho wa siku tunarudi tu kwenye makofi. Septemba 30, 2025, Mourinho alirudi Stamford Bridge, safari hii na Benfica, Ligi ya Mabingwa. Uwanja uleule wa 2017. Jina lake likaimbwa. Chelsea wakashinda 1-0, Benfica wakijifunga, na hakuna aliyepungukiwa kitu. Kwa nini ilibidi tusubiri miaka yote hiyo? Kwa sababu safari hii hakuja na hasimu, ndiyo, nakubali. Lakini pia kwa sababu nywele zimekuwa nyeupe, zake na zetu.

Usiku ule nilikuwa kibandani tena. Camera ilipommulika, nikasimama nikapiga makofi. Kijana wa nyuma yangu, jezi mpya inang'aa, akaniambia, "Braza, kaa chini bwana, wewe ni Benfica?"

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, hiyo jezi ulianza kuivaa lini?"

"2021."

Basi nikamjua kocha wake. Thomas Tuchel, aliyewapa Ligi ya Mabingwa 2021, akafukuzwa Septemba 2022, na leo ni kocha wa timu ya taifa ya England. Huyo naye siku moja atarudi Stamford Bridge kwenye benchi la wageni, huenda na timu tusiyoipenda. Nikamwambia kijana, "Siku yako inakuja. Utanikumbuka."

Na wewe msomaji, kuna kocha gani uliwahi kumzomea na leo roho inakusuta? Usione haya, sema. Mimi nimeshaanza.